Pachi ya kupanga uzazi: pima presha kabla hujaibandika

BintiZiwa, Kisumu

Habari zenu wapendwa. Kila nikipitia jukwaa hili nakuta dada ameuliza kuhusu pachi ya kupanga uzazi, ile inayobandikwa mwilini kama plasta, na wanaomjibu ni watu wasiowahi kuishika mkononi. Juzi mmoja aliambiwa kwamba haina madhara yoyote kwa kuwa haipiti tumboni. Jibu hilo lilininyima usingizi. Ndiyo maana leo nimekaa kitako niandike ninayoyajua.

Niliivaa mwaka mmoja na miezi saba. Nilianzia Uingereza, nilikokuwa nikifanya kazi ya kutunza wazee, nikaendelea nayo niliporudi nyumbani. Niliipenda sana. Kama si presha, ningekuwa nayo hadi leo.

Yangu iliitwa Evra. Ni kipande chembamba cha plastiki chenye pembe nne, kila upande unakaribia sentimita nne na nusu. Ndani ya gundi yake mna homoni mbili, estrojeni na projestini, jamii ile ile iliyomo kwenye vidonge vya kila siku. Zinapenya ngozini kidogo kidogo usiku na mchana, zinaingia kwenye damu, na yai halitoki. Ukiibandika Jumapili unakaa nayo siku 7, Jumapili inayofuata unaitoa na kuweka mpya mahali pengine. Unafanya hivyo kwa wiki 3. Wiki ya nne hubandiki kitu, na hapo ndipo unapoona siku zako. Siku 7 zikiisha unabandika tena, hata kama damu haijakatika.

Inawekwa tumboni, kwenye tako, mgongoni kwa juu, au kwenye mkono upande wa nje juu ya kiwiko. Kwenye titi hapana kabisa. Ngozi iwe safi na kavu, bila mafuta, losheni wala poda. Hapa ndipo penye kazi, maana sisi tumelelewa kutoka bafuni moja kwa moja hadi kwenye kopo la mafuta. Mimi nilikuwa naoga Jumapili kabla ya kanisa, najifuta, nakaa na leso kiunoni hadi jasho likauke, ndipo nabandika na kuikandamiza kwa kiganja huku nikihesabu hadi 10. Mafuta nilipaka baadaye, mbali nayo.

Jambo ambalo kijikaratasi cha maelezo hakikuniambia ni rangi. Imetengenezwa kwa rangi ya chai iliyozidishwa maziwa. Kwenye ngozi yangu ilionekana kama dirisha lililoachwa wazi. Ukivaa blauzi ya mikono mifupi, kila mtu kwenye matatu anakuuliza umeumia wapi. Nikaihamishia kwenye tako na mambo yakatulia. Halafu kuanzia siku ya tatu kingo zake hukusanya nyuzi za nguo na vumbi, zikafanya mstari mweusi pande zote. Ukiitoa mstari unabaki. Sabuni peke yake haiuondoi. Mafuta ya mtoto yanauondoa.

Sasa presha, maana homoni hizi zinaweza kuipandisha. Kule Uingereza, kabla sijapewa hata moja, muuguzi alinipima presha na uzito, akaniuliza kama navuta sigara, kama kuna mtu wa kwetu aliyewahi kuganda damu, na kama napata kichwa kinachouma upande mmoja kikitanguliwa na mwanga wa kumetameta machoni. Niliona maswali yamekuwa mengi kwa kitu kidogo kama kile. Niliporudi Kisumu na akiba ya miezi mitatu, yaani pachi 9, hakuna aliyenipima, kwa sababu sikwenda kwa yeyote. Nilijiona najua. Miezi ikapita, dada aliyebaki kule akawa ananiletea kwa watu wanaosafiri. Siku moja nimeenda Kibuye kununua mitumba, nikaingia kemisti kutafuta dawa ya kichwa. Yule kijana akasema mama, kaa kwanza nikupime. 154 kwa 98. Nilikuwa na miaka 36.

Niulizeni chochote. Nitajibu nilichokiishi, na mengine wenye taaluma watusaidie.

MamaWatatu, Kakamega

Asante dada kwa kufunguka. Mimi nina mtoto wa miezi minne na bado ananyonya. Je, mtu anayenyonyesha anaweza kuitumia?

BabaMapacha, Bungoma

Nauliza kwa niaba ya mke wangu, msinishangae. Tuna mapacha na hatutaki wa tatu sasa hivi. Vidonge anasahau, sindano ilimfanya atokwe damu wiki nzima nzima. Yeye ana kilo 94. Hiyo pachi itamfaa? Na ikidondoka?

BintiZiwa, Kisumu

Baba, hakuna wa kukushangaa hapa. Laiti wengi wangeuliza.

Kwenye uzito, nilichosoma kwenye maelezo ya dawa ni kwamba kuanzia kilo 90 inaweza isifanye kazi vizuri. Kwenye majaribio ya mwanzo walipata mimba wanawake 15, na 5 kati yao walikuwa na kilo 90 au zaidi, ilhali wenye uzito huo hawakufika hata 3 kwa kila 100 wa walioshiriki. Kwa hiyo mama mapacha ningemshauri aangalie njia nyingine, na asidhani kuwa mwili wake una kosa.

Kudondoka kwenyewe ni nadra kuliko watu wanavyodhani. Kwenye majaribio hayo hayo, zilizobanduka kabisa hazikufika 2 kwa kila 100, na nyingine kama 3 zilibanduka upande. Yangu ilihimili jua la saa nane, jiko la mkaa, hata kuogelea. Ilinitoka mara moja tu, wiki ambayo nilibandika kwa haraka baada ya kujipaka losheni. Nilivua sketi jioni nikaikuta imekwama kwenye bitana, gundi yote imejaa nyuzi. Asubuhi nikioga ilikuwepo, kwa hiyo saa 24 hazikuwa zimepita. Nikaweka mpya, siku ya kubadilisha ikabaki ile ile. Zikishapita saa 24, au usipojua ilitoka lini, unaanza mzunguko mpya na pachi mpya, siku hiyo inakuwa ndiyo siku yako ya kubadilisha, na mnatumia kondomu siku 7. Kama mlikutana hali haina kinga, kimbilia kemisti uulize kuhusu P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, mapema ndiyo bora, isipite saa 72. Na msiifunge kwa selotepu wala plasta nyingine juu yake. Msiikate pia nusu kwa nusu ili ikae siku nyingi, nimesikia wanaofanya hivyo.

Sista_Njoro

Mimi ni muuguzi, nafanya kazi upande wa Nakuru, kliniki ya mama na mtoto na mpango wa uzazi. Nimesoma alichoandika BintiZiwa na ni sahihi. Niongeze.

MamaWatatu, swali lako ni la muhimu. Njia yoyote yenye estrojeni, iwe pachi au vidonge vya kawaida, haipewi kabisa mama anayenyonyesha kabla ya wiki 6, na kutoka wiki 6 hadi miezi 6 kwa kawaida hatuipendekezi. Sababu ni mbili: maziwa yanaweza kupungua, na damu ya mzazi katika wiki za mwanzo huganda kwa urahisi ndani ya mishipa. Wewe wa miezi minne unazo nyingine: kijiti cha mkononi, koili, vidonge vya homoni moja visivyo na estrojeni, sindano. Hizo zote hazina estrojeni.

Sasa hilo la kuganda. Kuna imani kwamba kwa kuwa pachi haipiti tumboni basi ni nyepesi. Ni kinyume. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwezi wa Novemba 2005, miaka minne baada ya kuiidhinisha, kwamba mvaaji wa pachi hupata estrojeni kwa jumla takribani asilimia 60 zaidi ya anayemeza kidonge cha kawaida cha mikrogramu 35. Kidonge kinapanda na kushuka kila siku, pachi inakaa karibu kiwango kimoja muda wote. Ulaya wanakadiria hivi: kati ya wanawake 10,000 wasiotumia homoni na wasio na mimba, kama 2 hupata damu iliyoganda kwa mwaka. Wanaovaa pachi hii ni 6 hadi 12. Bado ni wachache, na ujauzito wenyewe una hatari kubwa kuliko hiyo. Sisemi haya kuwatisha. Nasema ili mjue kwa nini tunauliza maswali.

Asiyefaa kupewa: mwenye presha ya 140 kwa 90 au zaidi, mwenye miaka 35 au zaidi na anavuta sigara, aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni, aliyepata kiharusi au ugonjwa wa moyo, mwenye saratani ya matiti, mwenye ini lililoharibika, na yule wa kichwa kinachotanguliwa na mwanga wa kumetameta machoni. Mwenye selimundu pia aseme mapema, na huko magharibi mwa nchi wapo wengi. Ukiwa nayo ukaona mguu mmoja umevimba na kuuma kwenye shavu la mguu, kifua kinabana, pumzi inakata, kichwa kinauma kuliko ulivyozoea au macho yanaona giza, toa pachi na uende hospitali saa hiyo hiyo. Usingoje Jumatatu.

Kimya, Homa Bay

Nimefungua akaunti kwa ajili ya swali hili moja. Niko kwenye ARV tangu 2017 na hivi karibuni nimeanzishiwa dawa za TB. Dada yangu yuko nje na yuko tayari kunitumia hizi pachi. Naomba mnijibu bila kunihukumu.

Sista_Njoro

Dada yangu, karibu, na hapa huhukumiwi. Ungeuliza mlangoni kwangu ningekushika mkono.

Tatizo lako la kwanza si ARV, ni dawa ya TB. Rifampisini iliyomo kwenye dawa hizo inalifanya ini lizichome homoni upesi, zinakwisha kwenye damu kabla hazijafanya kazi. Pachi itakaa kwenye ngozi ukiiona kwa macho, huku mimba inaweza kuingia. Kijiti nacho huathiriwa. Zinazobaki imara ni sindano ya miezi mitatu na koili, na kondomu juu yake. Ukimaliza dozi ya TB unaweza kuchagua upya, ila si siku ile ile, ini huchukua wiki kadhaa kurudi kawaida.

Kwa upande wa ARV, kama uko kwenye zile zenye dolutegraviri, ambazo wengi Kenya wanazo sasa, hakuna mgongano wa kukutia hofu. Efavirenzi, ARV ya awali, ndiyo iliyokuwa inapunguza nguvu ya homoni. Kuna utafiti uliofanywa huko huko kwenu magharibi mwa Kenya ukachapishwa 2015, uliowaonyesha wanawake wenye vijiti wakipata mimba mara nyingi zaidi wakiwa kwenye efavirenzi. Angalia jina kwenye chupa yako, na dawa ya kifafa ukiwa nayo, itaje pia.

Kimya, Homa Bay

Chupa imeandikwa dolutegraviri mwishoni. Asante sista. Nitaomba sindano kliniki ya Alhamisi, ile siku ya kuchukua dawa zote.

DukaLaUrembo

Pachi original kutoka nje zipo, Kisumu na Eldoret tunaleta hadi mlangoni. Hakuna haja ya daktari wala foleni. Njooni inbox.

BintiZiwa, Kisumu

Wapendwa, naomba msiende huko inbox, na nitawaambia kwa nini.

Wiki ambazo akiba yangu iliisha na hakuna aliyekuwa akisafiri, nililipa mtu aliyetangaza mtandaoni kama huyu. Kifurushi kililetwa na boda. Pachi ya kweli huja kila moja ndani ya mfuko wake uliozibwa, wenye jina la dawa, kiasi cha homoni na tarehe ya mwisho. Hii ilikuwa karatasi moja ya fedha, zimepangwa 10, haina jina la dawa. Nilipobandua ya kwanza harufu ya mnanaa ikanijaa puani hadi macho yakatoa machozi. Nilikaa kitandani nikiwa nimeishika, nikafikiri ni wanawake wangapi wamebandika hii wakalala na waume zao kwa amani. Sijui ilikuwa ya kukondesha au ya maumivu ya mgongo. Ya kuzuia mimba haikuwa.

Kwenye hospitali zetu za serikali hutaipata kirahisi. Ukienda leo utaonyeshwa sindano, vijiti, vidonge, koili na kondomu. Takwimu za afya za taifa za 2022 zilionyesha wanawake walioolewa 57 kwa kila 100 wanatumia njia ya kisasa, na sindano na vijiti ndizo zinaongoza. Pachi haimo kwenye trei ile. Anayeitaka sharti aipate kwa cheti cha daktari na kemisti iliyosajiliwa, tena awe na hakika kwamba mwezi ujao itakuwepo. Njia inayokatika katikati ya mzunguko haikulindi. Hata wenye pachi halisi, kwa mwaka mmoja hushika mimba kama 7 kwa kila 100 kwa sababu ya kuchelewa na kusahau, ilhali wanaoifuata bila kukosea ni chini ya 1.

BabaMapacha, Bungoma

Nimemsomea mama mapacha uzi wote. Amesema apelekwe kuuliza kuhusu koili, na amesema nami niende nikasikilize. Nitaenda.

MamaWatatu, Kakamega

Nimesoma nikaogopa kuandika. Nitasema ukweli. Swali langu la kwanza sikuuliza kwa ajili ya siku zijazo. Ninayo mwilini sasa hivi. Shemeji aliniletea kutoka nje, niko wiki ya tatu. Tangu wiki jana kichwa kinauma kila jioni, nikadhani ni usingizi mdogo wa mtoto.

Sista_Njoro

Mama, umefanya vyema kusema. Nijibu haraka: ukiwa na mimba ya huyu mtoto presha ilipanda? Macho yanaona sawa? Kifua? Miguu?

MamaWatatu, Kakamega

Ilipanda mwezi wa nane wa mimba, walinipa vidonge nikaacha baada ya kujifungua. Macho yako sawa, kifua sawa, miguu haijavimba. Ni kichwa tu.

BintiZiwa, Kisumu

Dada, kuna kemisti karibu ambayo bado iko wazi? Nenda upimwe kabla hawajafunga. Kaa dakika tano kwanza, usipimwe ukiwa umetoka mbio.

MamaWatatu, Kakamega

Nimerudi. 152 kwa 98. Amepima mara mbili.

Sista_Njoro

Itoe sasa, usingoje imalize siku zake. Ikunje yenyewe kwa yenyewe, gundi ndani, irudishe kwenye mfuko wake na uiweke kwenye takataka mbali na watoto, kwa sababu bado ina homoni. Usiitupe chooni. Kuanzia usiku huu hamna kinga, tumieni kondomu. Kesho uwe wa kwanza kliniki, waambie presha ya leo, ile ya ujauzito, na pachi, usifiche hata moja. Usiku macho yakianza kuona giza, kifua kikibana, mwili ukilegea upande mmoja au kichwa kikizidi, msingoje kukuche, tafuteni gari. Nani yuko nawe nyumbani?

MamaWatatu, Kakamega

Mama mkwe yuko. Nimemwambia yote, hata la pachi, amekaa nami. Nimeitoa. Imeacha ule mstari mweusi uliousema BintiZiwa, pande zote nne. Napaka mafuta ya mtoto. Boda wa saa kumi na mbili asubuhi nimeshampigia.